Kutoka na Watoto kwa Bajeti Ndogo: Majibu ya Barua Zenu

Barua za safari hii zimetoka Temeke, Mbezi, Tabata, Likoni, Dodoma na Kimara. Tumeanza na ile ya hesabu, kwa sababu wengi mmeuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti.

Tuna watoto watatu, wa miaka 3, 7 na 11. Kila tukipanga kutoka Jumamosi kwa shilingi 20,000, tunarudi tumetumia 40,000 na watoto bado wamenuna. Tunakosea wapi?
Mama wa watatu, Temeke

Mama, shilingi 20,000 inatosha, ila haitoshi kila mahali. Kinachovunja bajeti mara nyingi si kiingilio. Ni nauli ya gari la pili, ni chakula kinachonunuliwa watoto wakiwa tayari na njaa, na ni vitu vya njiani: barafu, bisi, puto, maji ya chupa ambayo bei yake hupanda kila mkikaribia ufukwe.

Anza na nauli. Kwa viwango vya Desemba 2023 vya LATRA, mamlaka inayopanga nauli Tanzania, daladala isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima. Wa miaka 3 mpakateni, halipiwi. Hao wawili wakubwa wahesabuni nauli kamili, maana ile 200 ya mwanafunzi Jumamosi bila sare mtabishana na konda mpaka mshuke. Watu wanne basi: 2,400 kwenda na 2,400 kurudi. Mkibadilisha gari mara moja tu inakuwa 9,600, karibu nusu ya pesa yenu yote imeishia barabarani. Kwa hiyo chagueni sehemu ya gari moja, na mkishashuka kila kitu kiwe cha kutembea kwa miguu.

Kwa mtu wa Temeke sehemu hiyo ni Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Tokeni saa mbili asubuhi. Kwanza nendeni Soko la Samaki la Feri, kabla ya saa nne, wakati mnada bado una watu na samaki bado ni wengi. Watoto wavae viatu vya kufunika vidole kwa sababu sakafu ina maji, magamba na miiba. Wa miaka 3 abebwe. Nusu saa inatosha.

Kisha pandeni kivuko, mvuke kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli ni shilingi 200 kwa mtu, na kwa watoto kivuko ndicho mchezo wenyewe: maji, meli, magari yanavyopangwa, honi. Hakuna haja ya kuwa na shughuli ng'ambo. Msipande asubuhi sana wala jioni watu wanapotoka kazini. Kati ya saa nne na saa nane Jumamosi kuna nafasi ya kusimama pembeni na kuona. Hatari iko kwenye kupanda na kushuka, pale watu wanapokimbia na pikipiki zinapita katikati yao. Subirini wimbi la kwanza la watu lipite, kila mzazi ashike mkono wa mtoto mmoja na mdogo awe mgongoni.

Mkirudi, tembeeni taratibu hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Jumba hili lilifunguliwa 1940. Mwoneshe yule wa miaka 11 habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, na nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.6. Wa miaka 7 atapenda zaidi magari ya zamani ya viongozi. Raia hutozwa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho, na weka pesa kwenye simu kwa sababu sehemu za serikali hulipiwa kwa namba ya malipo. Msipite kila chumba. Dakika 50 zikifika, tokeni, kabla mdogo hajaanza kulia. Jirani hapo kuna Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ndogo na yenye kivuli, na humo mara nyingi kuna tausi wanaotembea.

Sasa hesabu: daladala 4,800, kivuko 1,600, jumla 6,400. Kila mtoto mpe shilingi 1,000 yake mkononi asubuhi, kabla hamjatoka nyumbani. Atanunua anachotaka, wakati anaotaka, na ikiisha imeisha. Hiyo ni 3,000 nyingine. Zinabaki 10,600 za viingilio na kitu kimoja cha kununua pamoja, madafu kwa mfano. Mpango wa elfu moja huharibika kwa njia moja tu: mzazi mmoja akiongeza kimyakimya. Mkubaliane na baba yao kabla. Na wote wale kifungua kinywa kizito nyumbani, chai na viazi au chapati, si chai na mkate mkavu.

Mara mbili tumekwenda ufukweni na watoto. Mara ya kwanza tulikuta bahari imekwenda mbali, tope na mawe tu. Mara ya pili maji yalikuwa yamejaa na yanavuta, tukaogopa kuwaingiza watoto. Nitajuaje siku nzuri kabla sijalipa nauli?
Baba Wawili, Mbezi

Kaka, mwezi wa angani utakwambia, na haulipishi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hupwa sana na kujaa sana, tofauti ikipita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu: tofauti ni karibu mita 1 tu, na mkondo hupoa.

Jambo ambalo wengi wa bara hawalijui ni kwamba kwenye pwani yetu saa za bamvua na za maji mafu karibu hazibadiliki. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, halafu hujaa kwenye saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi na kupwa jioni. Ndiyo maana ulifika asubuhi ukakuta mawe. Bila shaka ilikuwa bamvua.

Kama una kalenda ya Kiislamu nyumbani au kwa jirani, kazi ni rahisi. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Bamvua kubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu wenyewe, kwa hiyo usishangae ukiona mwezi umeanza kumegeka na maji bado ni makubwa.

Kwa kuogelea na watoto wadogo, ushauri wetu ni mmoja: Jumamosi au Jumapili iliyo karibu na mwezi nusu, mfike saa tatu asubuhi. Maji yanakuja taratibu, hayavuti sana, jua halijawa kali. Mkiingia saa tatu na kutoka saa tano mmepata saa mbili nzuri kuliko mchana mzima wa siku ya bamvua. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri jua ndilo huchoma zaidi, kwa hiyo mkibaki, kaeni kivulini. Khanga mbili zilizofungwa kwenye vijiti vinne ni kivuli tosha.

Hata hivyo bamvua isitupwe. Ukitaka watoto waone bahari badala ya kuogelea, hiyo ndiyo siku yenyewe. Pale Coco Beach maji yakipwa hubaki vidimbwi kwenye miamba, na ndani yake kuna kaa, viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota), samaki wadogo, majani ya bahari. Fikeni dakika 90 kabla ya kupwa kabisa, mfuate maji yanavyotoka, na mgeuke kurudi mara tu yanapotulia. Hapa watu hukosea: wanaendelea kwenda mbele kwa sababu mbele bado ni pakavu. Maji yanaporudi huingia kwanza kwenye mifereji na mabonde yaliyo nyuma yenu, na katika saa ya tatu na ya nne ya kujaa huja kwa kasi kuliko mtoto anavyoweza kutembea kwenye mawe. Viatu vya raba ni lazima, si ndala, kwa sababu kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia mguuni. Konokono wa bahari wenye ganda la umbo la pia wasiguswe kabisa: baadhi yao huchoma kwa sumu kali. Mawe wanayoyafunua wayarudishe yalivyokuwa.

La mwisho kwenye barua hii, na tunalisema kwa mkazo: matyubu ya gari yanayokodishwa ufukweni si vifaa vya kuokolea. Upepo ukitoka nchi kavu humpeleka mtoto nje haraka, naye akiona kina kimeongezeka anateleza katikati. Kama mtoto hajui kuogelea, maji yasipite kiuno chake na wewe uwe umbali wa kunyoosha mkono, simu ikiwa imehifadhiwa kwenye mkoba. Mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, si zaidi. Mkivutwa na mkondo msipigane nao kuelekea ufukweni. Ogeleeni sambamba na ufukwe mpaka utakapolegea, ndipo mrudi.

Nilipika pilau saa kumi na moja alfajiri, nikaliweka kwenye hotpoti, tukalila saa nane mchana. Watoto wawili walitapika usiku. Hotpoti ni nzima. Tatizo ni nini?
Mama, Tabata

Pole sana, mama. Saa tisa ni nyingi mno kwa wali. Kwenye mchele kuna vijidudu vinavyojifunga kwenye ganda gumu na kuvumilia kuchemshwa. Chakula kikishuka kikawa cha uvuguvugu, vinaamka, vinazaliana na kuacha sumu ambayo haifi hata ukipasha tena. Hotpoti haipashi moto, inauhifadhi tu. Ukiweka pilau lililokwisha kupoa kidogo ndani ya hotpoti baridi, unalikalisha kwenye uvuguvugu ule unaopendwa na vijidudu.

Ukitaka kubeba pilau, jaza hotpoti maji yanayochemka, funika dakika 10, mwaga, kisha pakua pilau likiwa linafuka mvuke, ujaze mpaka juu. Nafasi tupu ndani hupoza haraka. Usifungue mpaka mnakula, na mle ndani ya saa nne tangu lilipotoka jikoni. Likifunguliwa na lisiishe, kilichobaki kisirudi nyumbani. Wali wa nazi na maharage ya nazi viacheni kabisa kwa safari za mchana, huchacha mapema.

Sisi tungebeba vya baridi. Kwa watu watano: unga wa ngano kilo 1 unatoa chapati 10 hadi 12, mayai saba yaliyochemshwa dakika 10 na kubebwa na maganda yake, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha kilo moja na nusu, karanga, ndizi mbivu. Nyanya na vitunguu vya kachumbari vikatwe hukohuko, kwa sababu kachumbari iliyotiwa chumvi nyumbani hutoa maji na kulowanisha kila kitu. Chapati ziache zipoe kidogo kabla ya kuzifunga kwa kitambaa. Zikifungwa za moto kwenye plastiki hutoa jasho na kunata.

Maji hesabu lita moja na robo kwa mtu, yaani lita sita na robo kwa jumla. Chupa mbili za lita moja na nusu zigandishe usiku, zikiwa zimejazwa robo tatu tu zisipasuke. Hizo ndizo barafu ya chakula asubuhi na maji ya baridi mchana. Mtoto akiharisha au kutapika baada ya safari na huna ORS ya dukani, changanya maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo sita vya kufuta na chumvi nusu kijiko kidogo, anywe kidogo kidogo. Akishindwa kunywa, au akilegea, au ukiona damu, apelekwe kituo cha afya usiku huohuo.

Nina shilingi 500 za Kenya na wanangu wawili Jumapili. Naishi Likoni. Kuna nini zaidi ya kukaa nyumbani?
Mama Likoni

Dada yetu, umekaa mahali pazuri. Feri wanaovuka kwa miguu hawalipi. Vukeni saa tisa alasiri, jua limepoa, mkifika upande wa kisiwani Mombasa ingieni bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, ambako ni mwendo mfupi na kuingia ni bure. Kaeni upande wa bahari, chini ya mibuyu. Meli zote za bandari ya Kilindini hupita kwenye mkondo ule mbele yenu, karibu kiasi cha kusoma jina lake ubavuni. Wape watoto daftari: waandike jina la meli, rangi, na bendera ya nyuma, kisha wakirudi nyumbani watafute nchi hiyo kwenye ramani. Hiyo 500 ni viazi karai, mihogo ya kukaanga na madafu, na itabaki. Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno 1593 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2011, iwekee Jumapili yake pekee.

Tuko Dodoma, hakuna bahari. Watoto wa miaka 8 na 10 wanataka tiara. Nimewatengenezea mbili, zote zinazunguka na kuanguka. Nitumie vipimo.
Baba, Dodoma

Dodoma kuna upepo, hilo ndilo la muhimu. Chukua fito mbili za mwanzi uliopasuliwa, nyembamba na nyepesi: moja sentimita 60, nyingine 50. Weka ile fupi iwe msalaba, sentimita 15 kutoka juu ya ile ndefu, na hakikisha imegawanyika 25 kwa 25. Ijaribu kwa kuiweka juu ya kidole pale katikati. Ikilalia upande mmoja, punguza upande mzito kwa kisu. Tiara nyingi zinazozunguka zimeanza kuharibika hapa, kabla hata ya karatasi kuwekwa.

Kata kijino kwenye kila ncha, pitisha uzi kuzunguka ncha zote nne na uukaze. Tandika gazeti au karatasi ya kufungia zawadi, ikate ikizidi uzi kwa sentimita 2, kunja ukingo na uubandike kwa gundi ya uji mzito wa unga wa ngano. Iache ikauke nusu saa. Sasa hatamu: uzi wa sentimita 75, ncha moja juu ya fito ndefu, nyingine chini, ukipita upande wa mbele wa karatasi. Tengeneza kitanzi kidogo cha kufungia uzi wa kurushia, kikae juu kidogo ya pale fito zinapokutana. Mkia uwe mita 3, wa vipande vya kitambaa vilivyofungwa kila baada ya sentimita 20.

Rusheni wakati majani yanatikisika mfululizo ila vumbi halijainuka. Hakuna haja ya kukimbia: mtoto mmoja asimame mita 15 mbele, upande upepo unakokwenda, ashike tiara wima na aiachie wewe unapovuta. Ikizunguka, ongeza nusu mita ya mkia. Ikikataa kupanda na kubaki imelala, sogeza kitanzi juu kwa sentimita moja. Ikipanda na kutikisika kwa nguvu, kishushe. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, vinginevyo hutajua kilichosaidia. Tumia uzi wa pamba wa kushonea viatu, maana mshipi wa kuvulia hukata vidole. Nyaya za umeme ziwe mbali kabisa, na tiara ikinasa kwenye nyaya, iacheni hapohapo. Hakuna kupanda wala kuchokoa kwa mti.

Watoto wanalilia treni ya umeme. Kwenda Morogoro na kurudi siku moja itatugharimu kiasi gani, watu wazima wawili na watoto wa miaka 3, 6 na 9?
Mama wa Kimara

Kwa nauli zilizotangazwa huduma ilipoanza Juni 2024, Dar es Salaam hadi Morogoro ni shilingi 13,000 kwa treni ya kawaida. Chini ya miaka 4 halipi, wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Kwenu ni 26,000 na 13,000, yaani 39,000 kwenda na 78,000 kwenda na kurudi. Ni pesa nyingi kwa siku moja, kwa hiyo chukulieni treni yenyewe kuwa ndiyo matembezi, si Morogoro. Mkitaka kupunguza, nendeni kwa treni na mrudi kwa basi, ila wa miaka 3 atachoka.

Kateni tiketi za kwenda na za kurudi kwa pamoja. Wakati wa likizo, za kurudi jioni ndizo huisha kwanza, na familia nyingi zimejikuta zikitafuta basi saa moja usiku. Beba vitambulisho, na fika stesheni mapema kwa sababu mizigo hukaguliwa na milango hufungwa kabla treni haijaondoka. Visu vya matunda viacheni nyumbani, kateni matunda kabla. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo wekeni pembeni nauli ya kuingia mjini na kurudi, na mtoke mjini dakika 90 kabla ya muda wa treni.